UZI: Miaka sita nimetibiwa "vumbi la Dodoma", kumbe ni mzio wa pua. Njooni tuelezane dawa na jinsi ya kuzitumia

Mwl_Nzuguni

Mbukwenyi wana Dodoma na wote wa kanda ya kati. Huu uzi nimekaa nao kichwani tangu likizo ya mwezi wa sita, leo nimepata nafasi acha niushushe wote maana upepo umeshaanza na najua kuna watu huko Kisasa, Ipagala, Chamwino mpaka Bahi muda huu wana kitambaa mkononi wanafuta makamasi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nilihamia hapa 2017 nikitokea Tanga. Kule Tanga pua ilinisumbua asubuhi tu nikitandika kitanda, chafya tatu nne yanaisha. Nilivyofika hapa, ule mwezi wa nane wa kwanza chamchela zinanyanyuka uwanjani watoto wanazikimbilia, mimi nikaanza kupiga chafya kuanzia paredi mpaka saa nne, kumi na tano mfululizo, pua inachuruzika maji meupe, kaakaa linawasha mpaka nalikuna kwa ulimi, na usiku pua zote mbili zinaziba nalala mdomo wazi naamka koo limekauka. Kila mtu ananiambia mwalimu zoea, hilo vumbi tu ndo Dodoma yenyewe. Na mimi nikaamini, ndo kosa lenyewe hilo.

Nikazunguka. Duka la dawa nikapewa Piriton, nikawa nasinzia kipindi cha hesabu mbele ya darasa la wanafunzi tisini. Zahanati moja nikaambiwa sainasi nikapewa antibayotiki, baada ya miezi miwili tena antibayotiki, nadhani nilimeza dozi nne mwaka ule na hakuna siku niliyokuwa na homa wala makamasi ya njano. Kuna sehemu nikachomwa sindano, nikapona wiki tatu nikasema nimepata tiba, ikarudi nikaenda kuchomwa tena, mara tatu. Mwisho nikaangukia kwenye ile dawa ya matone ya kufungua pua, ukiweka dakika tano tu unapumua kama umezaliwa upya. Nilitumia miezi minane kila siku. Mwisho wake nilikuwa naweka kila baada ya saa tatu, natembea nayo kwenye pochi, nikiisahau nyumbani napanda bajaji kuifuata.

2023 ndo nikakutana na daktari wa masikio, pua na koo. Huyu mama hakuandika chochote kwanza, aliuliza. Inakusumbua siku ngapi kwa wiki? Wiki ngapi mfululizo? Unalala? Unafanya kazi? Nyumbani nani ana pumu au pumu ya ngozi? (Mdogo wangu ana pumu, mwanangu ana pumu ya ngozi tangu mchanga.) Akaniambia ikikupata chini ya siku nne kwa wiki au chini ya wiki nne hiyo ni ya kuja na kuondoka, ikizidi siku nne kwa wiki na ikazidi wiki nne mfululizo hiyo ni ya kudumu, na kama inakunyima usingizi au inakuharibia kazi basi si nyepesi, na matibabu yake hayafanani na ya mtu anayepiga chafya mbili za asubuhi. Mimi nilikuwa wa kudumu na nzito. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza hayo maswali.

Alivyonielezea ni hivi. Mwili wangu umekosea umemchukulia mgeni asiye na madhara kama adui. Mgeni mwenyewe anaweza kuwa kinyesi cha utitiri, vile vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye godoro na mito, au mende, au manyoya ya paka, au ukungu, au chavua ya nyasi. Akiingia puani seli za ulinzi zinamwaga kemikali inayoitwa histamini, hapo ndo chafya, mwasho na maji. Baada ya saa kadhaa linafuata jeshi la pili, ndani ya pua kunavimba na kuziba, na ule uvimbe unabaki hata kama mgeni kaondoka. Kwa hiyo kidonge kinachozuia histamini kinasaidia chafya na mwasho lakini kuziba hakikuwezi vizuri. Ndo maana nilikuwa nameza vidonge pua bado imefungwa.

Na vumbi je? Vumbi la barabarani kwa watu wengi linawasha tu, hata asiye na aleji atapiga chafya lori likipita. Ila ambaye pua yake tayari imevimba, vumbi kidogo tu linamlipua. Kwa hiyo angalia kalenda yako. Ukiumwa mwaka mzima na asubuhi ndo mbaya, shuku kitanda na mende. Ukiumwa mvua zikishakolea, Februari na Machi nyasi zinapochanua, shuku chavua. Harufu ya manukato, moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, hivyo ni vichokozi, vinaweza kukusumbua hata bila aleji.

Sasa DAWA. Nguzo kuu ni sprei ya puani yenye steroidi, majina ni kama flutikasoni, mometasoni, budesonidi, beklometasoni. Usiogope neno steroidi, inafanya kazi palepale puani, inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Hii ndo inatuliza ule uvimbe. Lakini haifanyi kazi kama matone ya kufungua pua! Utapata nafuu kidogo kidogo, nguvu yake kamili unaiona baada ya siku kadhaa mpaka wiki mbili, na unatumia KILA SIKU hata siku ambayo uko vizuri. Mimi 2019 nilishawahi kuandikiwa hii hii nikaitumia siku mbili nikasema haifai nikaitupa kabatini.

Na kuishika kwenyewe kuna namna, hapa naomba msome taratibu. Yule daktari aliniambia nionyeshe unavyopuliza, nikainua kichwa juu nikaingiza kwa mkono wa kulia pua ya kulia nikapuliza nikavuta kwa nguvu fyuuu. Akaniambia mwalimu umeinywa hiyo, imeenda kooni. Akachukua kichupa akanionyesha kwenye pua yake: tikisa, penga makamasi kwanza, inamisha kichwa kidogo utazame vidole vyako vya miguu, shika kwa mkono wa KULIA upulize pua ya KUSHOTO na mkono wa kushoto upulize pua ya kulia, ili mdomo wa chupa uangalie nje upande wa jicho na sikio na sio ule ukuta wa katikati ya pua. Puliza huku unavuta hewa taratibu kama unanusa ua. Ukiisikia ladha kooni ujue umevuta sana. Ukuta wa katikati ukipigwa na dawa kila siku unachubuka ndo watu wanatoka damu puani wanaacha. Alinifanyisha mara tatu mpaka nikapatia, mkono wangu ulikuwa unarudi wenyewe upande ule ule.

Vidonge: setirizini au loratadini miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima. Havilazi kama Piriton, ingawa setirizini wengine inawapa usingizi kidogo, hao wanywe usiku.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi nako kunasaidia kweli: robo lita ya maji yaliyochemshwa yakachemka sawasawa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, unainama kwenye sinki unaingizia pua hii yanatokea ile, halafu ndo unapuliza sprei baada ya dakika chache. Yasiwe maji ya bomba moja kwa moja wala ya kisima, najua maji yetu ya visima hapa yana chumvi tayari, chumvi siyo usafi, kuna vijidudu hatari kabisa vinavyoweza kupita puani mpaka kwenye ubongo.

Nyumbani nilibadilisha machache. Mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto haswa, godoro juani, zulia nikaligawa, sifagii pakavu tena napitisha tambara bichi, jiko la mkaa liko nje, na mchana upepo ukianza nafunga madirisha ya chumbani. Haya peke yake hayakuniponya, ila na dawa, naona tofauti.

Wiki ya tatu niliamka mdomo umefungwa. Mnaojua mtanielewa. Karibuni maswali.

Boda_Makulu

Mwalimu umenigusa. Mimi ni dereva boda kijiwe kiko njia ya chuo, Piriton ndo chakula changu, na hayo matone ya kufungua pua nina mwaka wa pili natumia, bila hayo silali. Nikiacha hata saa sita pua zinajifunga kabisa nahisi kufa. Hii imekaaje?

Mwl_Nzuguni

Kaka yangu kwanza Piriton na pikipiki acha leo, ile inachelewesha akili hata kama hujisikii usingizi, na abiria yuko nyuma yako. Omba setirizini au loratadini, na siku za kwanza kinywe usiku ujione kinakufanyaje.

Kuhusu matone, umenasa pale pale niliponasa mimi. Oksimetazolini na ksailometazolini zinabana mishipa ya damu puani, ni za siku tatu, zikizidi sana tano. Ukipitiliza pua inazoea, dawa ikiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo, unaongeza, inavimba tena. Kwa hiyo sasa hivi kinachokuziba ni dawa yenyewe. Mimi nilianzishiwa sprei ya steroidi kwanza, halafu nikaacha matone pua moja tu, ya kulia nikaiacha ihangaike, ya kushoto nikaendelea kuweka ili nipate kulala. Kama wiki moja ya shida kweli kweli, sitakudanganya. Ya kulia ilivyofunguka yenyewe nikaacha na ya kushoto. Ila pita kwa daktari au mfamasia akuanzishie, usijinunulie tu.

Mfamasia_Kati

Mwalimu ameeleza vizuri kuliko wengi wetu dirishani, niongeze kidogo. Sprei ya flutikasoni au mometasoni mtu mzima mara nyingi anaanza mipulizo miwili kila pua mara moja kwa siku, akitulia anashuka mmoja. Chupa mpya bonyeza hewani mara kadhaa mpaka utoke ukungu mwembamba. Damu ikitoka puani pumzisha siku chache, rudia kuangalia mkono.

Halafu jamani dawa za mafua za mchanganyiko, soma nyuma ya pakiti. Zenye sudoefedrini zinapandisha presha na mapigo ya moyo, wazee wenye presha wanazinunua kila siku bila kusema wana presha. Semeni mkifika dirishani.

BintiKondoa

Na zile sindano? Huku kwetu kila mwaka wakati wa kupura uwele na mtama baba anavimba macho na kifua kinabana, anaenda kuchomwa anakaa sawa mpaka msimu mwingine. Anasema sindano ndo dawa sprei ni mambo ya mjini.

Mfamasia_Kati

Dada, hiyo mara nyingi ni steroidi ya kukaa mwilini muda mrefu. Inafanya kazi ndiyo, ndo maana inapendwa, lakini inazunguka mwili mzima kwa wiki kadhaa na huwezi kuitoa ikishaingia. Inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, inalaza tezi zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili, na pale inapochomwa nyama inaweza kubonyea. Miongozo ya mzio wa pua inakataza kuitumia kama kawaida. Mzee apimwe sukari.

Na hicho kifua kubana ndo kimenishtua zaidi. Pua na mapafu ni njia moja, watu wengi wenye pumu wana mzio wa pua na mwenye mzio wa pua yuko kwenye hatari zaidi ya kupata pumu. Kama anakohoa usiku au kifua kinapiga miluzi apimwe pumu kabisa, asisubiri msimu mwingine. Kupura ajifunge kitambaa au barakoa, akae upande upepo unakotoka, sprei aanze wiki mbili kabla ya mavuno.

BintiKondoa

Asante sana, nampeleka Jumatatu. Bibi naye anamshauri avute ugoro ili chafya zitoe uchafu.

Mwl_Nzuguni

Bibi tumheshimu, shikamoo yake, lakini ugoro ni tumbaku, pua iliyovimba inachokozwa zaidi. Mpe bibi kazi ya kumkumbusha sprei kila asubuhi, wazee wakikabidhiwa jambo hawalisahau. Na kujifukiza mvuke kunalegeza kidogo sawa, ila msiwafukize watoto, sufuria la maji ya moto limeshaunguza wengi.

MamaPacha

Mimi nina mimba miezi mitano, pua imeziba tu sina chafya wala mwasho. Nitumie nini?

Mfamasia_Kati

Hongera mama. Mimba yenyewe inaweza kuvimbisha pua bila aleji yoyote, ukijifungua inaisha. Anza na maji ya chumvi na kuinua kichwa unapolala. Wenye aleji kweli, loratadini, setirizini na sprei ya budesonidi zimetumika muda mrefu kwa wajawazito, ila waambie kliniki kwanza. Sudoefedrini achana nayo.

Mwl_Nzuguni

Kuna jambo moja sikuligusa kule juu na ndo linaniuma kuliko pua yangu. MACHO YA WATOTO.

Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, na darasani nina wavulana kama wanne hivi. Utawajua, pua wanaisugua kwa kiganja kwenda juu mpaka inaweka mkunjo katikati, chini ya macho kuna weusi kama hawajalala (na kweli hawajalala), macho yamekuwa kahawia, wanayafikicha kutwa nzima, asubuhi yana utelezi unaovutika kama uzi. Wazazi wanasema macho mekundu, yatapita. Hii ni aleji ya macho ya watoto, inapenda sana sehemu kavu zenye joto na vumbi kama kwetu, na wavulana ndo wengi, mara nyingi inaanza miaka mitano hivi, wengi inawaacha wakishabalehe.

Mimi nilimnunulia wangu dawa ya matone dukani, ikamponya siku mbili, nikawa nanunua kila ikirudi, karibu mwaka mzima. Nilivyompeleka kwa daktari wa macho akaniuliza mama hii umeandikiwa na nani, nikasema hakuna. Ilikuwa matone ya steroidi. Puani hiyo dawa ni salama lakini machoni bila kupimwa ni jambo lingine kabisa, inapandisha presha ya macho kimya kimya na inaleta mtoto wa jicho, na presha ya macho ikishaharibu mshipa wa kuonea hakuna kurudi. Alimpima, nikasubiri pale kwenye benchi naona kama saa haziendi. Presha ilikuwa juu kidogo, mshipa haujaguswa. Namshukuru Mungu na naandika hapa ili mwingine asipite kule.

Sasa anatumia matone ya kromoglikati, mara nne kwa siku, ile inataka uvumilivu kama sprei, na kitambaa safi cha maji baridi juu ya macho akiwashwa badala ya kufikicha, maana kufikicha sana kunaweza kuharibu umbo la kioo cha jicho. Kofia ya ukingo mpana akienda shule. Na kila baada ya miezi anapimwa presha ya macho.

Kijana_Iyumbu

Mwanangu miaka mitatu makamasi yanatoka pua moja tu ya kushoto yananuka, nayo ni aleji?

Mfamasia_Kati

Hapana mkuu, mpeleke hospitali leo. Pua moja, harufu, mtoto mdogo, mara nyingi kaingiza kitu, shanga, harage, sponji ya godoro. Usijaribu kukitoa na kibanio utakisukuma ndani. Aleji inashika pua zote mbili. Na wakubwa pia, pua moja kuziba daima, damu bila sababu, uso kuuma na homa, hiyo isitibiwe kama aleji bila kuchunguzwa.

Kijana_Iyumbu

Nimerudi wakuu. Ilikuwa punje ya mahindi imeshavimba. Imetolewa. Asanteni.

MzeeWaMiyuji

Hakuna ya kuponya kabisa? Maana hii mnayosema ni ya kutumia maisha.

Mwl_Nzuguni

Shikamoo mzee. Ipo ya kumzoesha mwili, unapewa kile kinachokudhuru kwa dozi ndogo zinazoongezeka, kwa sindano au chini ya ulimi, miaka mitatu mpaka mitano. Siyo mpya, London walianza kuchoma chavua ya nyasi 1911. Lakini lazima kwanza ujulikane unadhuriwa na nini kwa kipimo cha ngozi au damu, na sindano zake zinafanyika penye vifaa vya kuokoa mtu akizidiwa. Muulize daktari wa pua. Na cha ngozi ukienda usiwe umemeza setirizini wiki ile, itaficha majibu.

Mimi kwa sasa sprei napuliza mwezi wa saba mpaka mvua zinyeshe zishike, mpulizo mmoja kila pua, na kipindi cha kati napumzika nikiwa vizuri.

Boda_Makulu

Mwalimu narudi kutoa ripoti, leo siku ya kumi na tisa. Nilianza sprei, mkono wa kulia pua ya kushoto kama ulivyosema, matone niliacha pua ya kulia. Siku nne za kwanza nililala nimekaa kwenye kochi mke wangu akanihurumia. Juzi usiku ya kulia imefunguka yenyewe, sijaweka kitu.

Mwl_Nzuguni

Safi sana kaka. Leo usiku acha na ya kushoto.